Mchinjaji wa Kanyenye aliyepeleka mioyo miwili hospitali

"Siku ile mjinga nilikuwa mimi, usihangaike kutafuta mwingine," anasema Nassibu Lukumani, na kumgusa kwa fimbo maksai mmoja aliyeona shamba la watu ni bora kuliko barabara.

Ni alfajiri, jua halijatoka. Mvua za kwanza zimeanza, na njia ya kutoka Ntalikwa kuja Tabora mjini imelainika hata kwato hazisikiki. Mbele wanakwenda ng'ombe watano, taratibu, kama wazee waliotoka msikitini na wasio na haraka ya kufika nyumbani. Nyuma yao anakuja Nassibu, suruali ameikunja hadi magotini na kuifunga kiunoni kwa kamba ya katani.

Ni kamba kwa sababu mkanda wake umekuwa mrefu mno. Tundu la mwisho amelipita siku nyingi, na kutoboa jingine hataki. "Nikitoboa, mama Tatu atajua ameshinda," anasema, akimaanisha mkewe.

Ujinga gani huo alioufanya?

Anatazama mbele, anatazama nyuma, kama mtu anayeogopa ng'ombe wasije wakamcheka.

"Nilitia mioyo miwili ya ng'ombe kwenye kikapu, nikaenda nayo hospitali kumfundisha daktari."

Nassibu ana miaka hamsini na miwili. Ni mchinjaji na mkata nyama wa ushirika wa wauza nyama wa Kanyenye. Mshahara wake hauko mbali na kima cha chini, na yeye halalamiki sana. "Wenzangu mshahara wao unaishia kwenye nyama," anasema. "Mimi nyama ninayo tayari, kwa hiyo wangu unaishia kwenye mambo mengine."

Lakini heshima yake mtaani haitokani na ushirika, inatokana na Idd Kubwa. Tangu kabla ya Uhuru, kila Idd ya kuchinja, Nassibu ndiye anayeshika kisu. Watu hupeleka wanyama wao uani kwake, mbuzi, kondoo, na ng'ombe kwa waliochangiana, naye huanza kuchinja watu wakishatoka kuswali, akamaliza adhuhuri, kanzu imefungwa kiunoni na sauti imemkauka kwa kupiga bismillahi.

Idd Kubwa ni wiki ijayo. Na asubuhi hii, akiwa nyuma ya ng'ombe wake watano, Nassibu hajui kama mwaka huu atashika kisu au atawekewa kiti aangalie wenzake. Jibu liko kwa daktari, na daktari amesema njoo leo.

"Nikikataliwa, kisu anachukua Shaban," anasema. "Shaban ni rafiki yangu, namwombea mema. Lakini Shaban kabla ya kuchinja anamwomba ng'ombe radhi mpaka ng'ombe mwenyewe anachoka kusubiri."

*

Wanaomfahamu Nassibu wa mwaka huu tu hawawezi kuamini, lakini hadi Julai alikuwa na tumbo lililojulikana tokea stesheni hadi Ntalikwa. Likiingia dukani, mwenyewe hufuata baadaye. Wateja walilipenda. Mama mmoja wa Kanyenye anasema alikuwa anapita mabucha mengine yote na kwenda kwa Nassibu kwa sababu "mwenye bucha aliyekonda ananitia wasiwasi, yeye mwenyewe hali anachouza."

Kwa siku za leo, hata hivyo, tumbo la namna ile linahitaji maelezo. Katika mkutano mmoja wa tawi la chama, kijana aliyekuwa amesoma makala mengi kuliko umri wake alisimama akasema mtaani kuna makupe wanaonenepa kwa jasho la wananchi, macho kayaelekeza kwenye kiti cha Nassibu.

Nassibu alisimama, ikamchukua muda. "Ndugu mwenyekiti," akasema, "kijana amekosea mnyama. Kupe ni yule mdogo anayeng'ang'ania. Aliyenenepa ni ng'ombe, na ng'ombe hajawahi kumnyonya mtu." Mkutano ulicheka, ukaahirishwa, kijana akaenda zake.

Tumbo hilo hakuzaliwa nalo. Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba meno ya tembo kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani na kurudi na mitumba ya nguo, kwa njia hii hii anayopitisha ng'ombe leo. Picha ya babu haipo, lakini sifa yake ipo: mwembamba, miguu kama miiko ya kusongea ugali. Baba yake Nassibu aliswaga ng'ombe. Nassibu mwenyewe, ujana wake wote, aliwafuata minadani na kuwaleta mjini kwa miguu.

Kisha ushirika ukapata lori. Bovu, la kusukumwa asubuhi, lakini lori. Ng'ombe wakawa wanakuja wamepanda, na Nassibu akatafutiwa kigoda kando ya gogo la kukatia nyama. Miaka mitatu alikaa pale.

"Lori lilibeba ng'ombe," anasema mkewe, Batuli, "na yeye akawa mzigo wa nyumbani."

*

Kosa lake lilianzia machinjioni, na ni kosa ambalo mtu asiyechinja hawezi kulifanya.

Mwaka wa jana na mwaka wa juzi, ukame uliponoga, nchi nzima ikila unga wa yanga, ule wa mahindi ya manjano uliokuja na meli, ng'ombe waliofika machinjioni Tabora walikuwa wa kusikitisha. Wengine walianguka kabla ya kufikishwa. Kila alipowapasua, Nassibu aliona kitu kile kile. Moyo wa ng'ombe aliyeshiba una shahamu, nyeupe, imeukumbatia pande zote. Mioyo ya hawa wa njaa ilikuwa mitupu. Pale palipokuwa na shahamu pamebaki ute tu, kama uji wa mgonjwa.

"Nikasema basi nimeelewa," anasimulia. "Moyo una koti. Ukivuliwa koti, mnyama anakufa kwa baridi ya ndani. Nani angenipinga? Mimi ndiye niliyekuwa mle ndani na kisu."

Haukupita muda, kifua chake mwenyewe kikaanza kumbana. Akiinua robo ya ng'ombe kwenye kulabu, kinabana. Akitoka nyumbani kwenda msikitini, anasimama njiani akijifanya anasalimiana na watu. Mtu mwingine angekwenda hospitali. Nassibu alijipa dawa mwenyewe. Moyo umevuliwa koti, na yeye anajua koti linapatikana wapi.

Machinjioni kuna desturi: aliyechinja hupewa moyo na kilichouzunguka, ndiyo haki yake. Miaka yote Nassibu aliupeleka nyumbani ukaliwa na watu wote. Sasa shahamu akaanza kuikata pembeni, yake peke yake. Kila asubuhi aliikaanga mpaka ikalia, akachovya muhogo, akashushia chai ya sukari iliyokolea.

"Nikamwambia baba Tatu, hicho unachokula ndicho tunachopaka milango isilie," anasema Batuli. "Akanijibu, 'Na mlango unalia? Haulii. Basi.'"

Kifua kikazidi kubana. Akazidisha dawa.

*

Siku ya fahali ilikuwa Julai. Fahali mmoja alikata kamba machinjioni akatoka mbio kuelekea barabarani. Zamani kazi ya kumfuata ilikuwa ya Nassibu, na mwili wake ulisahau kwamba mambo yamebadilika. Akatimua mbio.

Hakufika mbali. Akakaa chini katikati ya barabara, mkono kifuani, jasho linamtoka kama amemwagiwa ndoo.

Shaban, ambaye pia ni balozi wetu wa nyumba kumi na mtu asiyeweza kusimulia jambo bila kuliongezea chumvi, anaapa kwamba fahali alipoona hafuatwi alisimama, akageuka, akarudi polepole, akamtazama Nassibu usoni. "Alikuja kuhakikisha ni nani kati yao anayechinjwa leo," anasema Shaban.

Walimpakia kwenye mkokoteni wa nyama, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, wakamfunika shuka jeupe la kufunikia nyama, kwa sababu ndilo lililokuwa juu ya mkokoteni. Sokoni mama mmoja akausimamisha mkokoteni akauliza kama maini yapo.

"Nilimsikia," anasema Nassibu. "Nilitaka kumjibu yapo lakini hayauzwi. Pumzi sikuwa nayo."

Hospitali alimkuta Daktari Anselm, kijana wa vijijini huku huku, mpole, mwenye mazoea ya kusema mambo mabaya kwa sauti ya kubembeleza. Alimsalimia "Shikamoo mzee," akamfunga mpira wa presha mkononi, akaupuliza, akauangalia, akaupuliza tena. Nesi Veneranda alileta futi ya fundi cherehani kumpima kiuno. Futi ikazunguka, mwisho wake haukufika mwanzo wake. Nesi akaomba ya pili, akaiunganisha.

Kisha wakataka mkojo. Wakauchemsha na dawa ya buluu kwenye kichupa. Buluu ikageuka kijani, kijani ikageuka manjano, manjano ikageuka rangi ya matofali.

"Nikafurahi," anasema Nassibu. "Nikajua mkojo wangu una nguvu."

Daktari Anselm alimwambia rangi ile maana yake ni sukari. Presha nayo iko juu sana. Akamweleza kwamba mambo haya ni kama msafara: tumbo la namna hii, presha, sukari kwenye damu na mafuta kwenye damu hupenda kutembea pamoja, ukimwona wa mbele geuka utazame nyuma. Na kuna mwenzao mmoja asiyeonekana kwa nje. Ni shahamu inayojijenga kuzunguka moyo.

"Wewe mtu wa ng'ombe hata usishangae," alimwambia. "Moyo wa mtu nao una shahamu yake, kidogo, na hiyo haina neno. Tatizo ni inapozidi."

Nassibu alishangaa sana. Si kwa habari yenyewe, bali kwa ujinga wa daktari. Huyu mtoto anasema shahamu moyoni ni ugonjwa! Bila shaka hajawahi kuchinja.

Daktari alimaliza kwa amri mbili. Shahamu ile ya asubuhi ikome, na sukari ya chai pia. Na kisu akiweke chini, asiinue nyama wala asishikane na fahali, mpaka presha ishuke. "Na Idd Kubwa?" Nassibu aliuliza. Daktari akasema wiki moja kabla ya Idd aje apimwe. Ikiwa imeshuka, watazungumza. Ikiwa haijashuka, atasherehekea kama watu wengine wanavyosherehekea, kwa kula kidogo na kukaa.

*

Kwa hiyo, siku chache baadaye, kikapu.

Nassibu aliwaomba wenzake mioyo miwili. Mmoja wa ng'ombe aliyekonda aliyetoka upande wa ukame, mtupu. Mwingine wa maksai aliyenenepeshwa na ushirika kule Ntalikwa, moyo wenyewe huuoni kwa shahamu. Akaifunga kwa majani ya mgomba, akavaa kanzu safi, akaenda.

Nesi Veneranda alimzuia mlangoni. "Mzee, hapa tunapokea wagonjwa wazima wazima. Vipande hatupokei."

"Huu ni ushahidi," Nassibu akasema.

"Ushahidi unavuja," nesi akajibu, na kweli ulikuwa unavuja. Lakini Daktari Anselm alisikia kelele akamwita aingie.

Nassibu alifungua majani mezani kama mwanasheria. Akaonyesha moyo wa kwanza. "Huyu alikuwa anakufa." Akaonyesha wa pili. "Huyu alikuwa mzima kama wewe na mimi. Sasa niambie shahamu ni nani, adui au rafiki?"

Kwa maelezo ya wote waliokuwepo, na waliochungulia mlangoni walikuwa wengi, daktari hakucheka. Aliutazama ule moyo wa pili kwa muda, akaugeuza kwa kalamu.

"Huyu naye yuko wapi sasa?" akauliza.

"Nani?"

"Huyu mzima kama mimi na wewe."

Nassibu akakohoa. "Huyu tulimchinja."

"Alikuwa anaishi vipi kabla hamjamchinja?"

"Amefungwa zizini. Anakula, analala. Tulitaka anenepe."

"Mkimtembeza?"

"Akitembea kidogo tu anahema, huyo hatembezwi."

"Alipopasuliwa, figo zake?"

"Huzioni, zimezama kwenye shahamu."

"Maini?"

"Yamepauka, yanateleza mkononi." Hapo, anasema Nassibu, sauti yake ilianza kupungua.

"Alikuwa anakula nini?"

"Majani. Pumba. Mashudu ya pamba."

"Na shahamu mlikuwa mnampa?"

Nassibu akacheka. "Daktari, na wewe! Ng'ombe atakula shahamu?"

"Basi hii aliitoa wapi?"

Nesi Veneranda aliitazama dari.

"Mzee Nassibu," daktari akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "yule wa kwanza alikuwa anakufa kwa njaa, na mimi sikukutibu njaa. Hakuna mtu Tabora anayeweza kukushtaki kwa njaa. Wewe ni huyu wa pili. Moyo wako siwezi kuufungua niutazame. Lakini tulipokuwa chuoni tulifungua maiti, na wenye tumbo kama lako, wenye sukari na presha kama zako, mara nyingi mioyo yao ilikuwa hivi. Kipi kinaanza na kipi kinafuata, waliosoma kuliko mimi bado wanabishana. Ila sijasikia anayebishana kama ni kitu kizuri."

Nassibu aliifunga mioyo yake kwenye majani. Alipofika mlangoni akageuka. "Na hii nifanye nini?"

"Ule mtupu," daktari akasema, "unaweza kuula."

*

Hapo ingekuwa hadithi imekwisha kama Nassibu angekuwa mtu wa kuelewa jambo lote kwa mara moja. Alielewa nusu.

Jioni ile Batuli aliweka mezani ugali na mchicha. Nassibu akausukuma mchicha. Kesho yake matembele, akayasukuma. Siku ya tatu mlenda, akaondoka mezani kabisa.

"Nikamuuliza, baba Tatu, mboga zimekukosea nini?" anasema Batuli. "Akaniambia daktari amethibitisha kwamba ng'ombe ananenepa kwa majani. Kwa hiyo majani marufuku nyumba hii."

Wiki nzima Nassibu alikula ugali na nyama, kujikinga na mchicha. Nyama ilipomkinai akageukia asali, ambayo Tabora haikosekani, na aliipaka kwenye kila kitu kilichokaa kimya. Sukari alikuwa ameacha, kama alivyoagizwa. Asali, alieleza, haitoki kiwandani, inatoka porini, ni dawa.

Daktari alichemsha mkojo tena. Matofali.

"Mzee," akasema, "mkojo hauulizi kama utamu umetoka kiwandani au mzingani."

Safari hiyo Batuli alikuwa amefuatana naye, na ndiye aliyepewa maelezo, polepole, kama anavyopewa nahodha. Si jani lililomnenepesha maksai, ni kula kushinda kazi anayoifanya, na kufungwa. Mboga kwa wingi, ugali upungue, nyama isiyo na shahamu, chai kavu. Na mtu atembee. Daktari akamgeukia Nassibu. "Maksai alifungwa kamba na ushirika. Wewe nani amekufunga?"

Wakarudi nyumbani. Redio ya jirani ilikuwa inazungumza habari za afya. "Ile kampeni ya Mtu ni Afya nilihudhuria darasa zote," anasema. "Tulichimba choo, tukafyeka majani, tukajua habari za mbu. Tumbo hawakulitaja. Ningejua, ningeandika majina ya waalimu niwashtaki."

Siku ya pili alikwenda ofisi ya ushirika akaomba ng'ombe wa Ntalikwa wasipandishwe lori. Atawafuata mwenyewe, kwa miguu, kama zamani. Wenzake walikubali haraka, kwa kuwa lori nalo lilikuwa limekataa kuwaka. Mwanzoni ng'ombe walikuwa wakimsubiri njiani. Wakulima wa Ntalikwa walimsalimia "Mwangaluka!" alipokuwa anapita, na walipomaliza kulima tuta zima, wakamsalimia tena, bado anapita.

Ramadhani ilimrudisha nyuma. Alidhani mfungo utamaliza tumbo, lakini mtu hanenepi kwa mchana, hunenepa kwa futari. Batuli alilazimika kuwa anahesabu kaimati kwa macho. Baada ya Ramadhani njia ikaanza kufupika. Sasa ng'ombe wanatangulia kidogo tu, na mara moja moja hatangulii mtu.

*

Jua limepanda Nassibu anapowakabidhi ng'ombe machinjioni. Ananawa miguu, anafungua kamba ya katani na kuifunga upya, anavaa kanzu juu, anakwenda hospitali. Mtu aliyekuwa akitania tangu Ntalikwa sasa anajibu salamu kwa kichwa.

Shaban ameshafika. Amekaa kwenye benchi, anadai amekuja kumtakia rafiki yake heri. Nassibu anamtazama mikono. "Hukuja na kisu?"

"Nimekiacha nyumbani, kinanolewa," anajibu Shaban.

Mlango unafungwa. Nje inasikika sauti ya mpira unaopulizwa, kimya, kisha unapulizwa tena. Nesi Veneranda anapita na kichupa akiwa amekishika juu kwenye mwanga. Kilichomo ni kijani. Si buluu, lakini ni kijani, na anakipitisha mbele ya benchi polepole ili kila mtu akione.

Nassibu anatoka akiwa ameshika kanzu yake mkononi. Uso hauonyeshi kitu.

"Imeshuka," anasema. "Si yote. Anasema bado niko juu ya watu wa kawaida, lakini nimetelemka kutoka kwenye paa hadi kwenye kiti." Anavuta pumzi. "Ng'ombe wawili. Nichinje wawili, nikae. Mbuzi na kondoo wote wa Shaban."

Shaban anasimama. "Wawili? Na mimi mbuzi?"

"Anza kuwaomba radhi leo, ndugu yangu, labda wiki ijayo utakuwa umemaliza."

Wanacheka wote wawili, na Nassibu anageukia ukutani, anajifuta uso kwa kanzu, anajifuta tena. Anasema ni jasho la njiani.

*

Nyumbani Batuli anapewa habari akiwa jikoni. Anauliza mara mbili kama ni wawili au watatu, kwa sababu anamjua mumewe. Kisha anasema Alhamdulillah, anarudi kwenye chungu chake.

Chakula cha mchana ni ugali, si mwingi, kunde na mlenda. Nassibu anakula bila kusukuma kitu. Anaeleza mipango. Mwakani, Mungu akimjalia, atachinja ng'ombe wote na mbuzi wote, Shaban atabaki kushika miguu. Amewaomba ushirika waliuze lori. Na mazao yakishavunwa anataka kutembea njia ya babu yake, si mpaka pwani, hana wazimu, lakini siku kadhaa kuelekea mashariki, aone tu wale watu walikuwa wanapata wapi pumzi.

Anamaliza tonge la mwisho, anatazama sinia, anatazama kama liko jingine. Haliko. Anajitazama mikono, ambayo siku hizi mishipa yake inaonekana, na suruali iliyojikunja kiunoni kama pazia.

"Mama Tatu," anasema, "daktari nimemsikia, na wewe nimekusikia. Lakini fikiria na heshima yako. Nikifa nimekonda namna hii, Kanyenye nzima itasema mke wangu alininyima chakula."

Batuli anachukua sinia.

"Na ukifa mnene hawatasema kitu, baba Tatu. Watakuwa wamekubeba, pumzi ya kusema wataitoa wapi?"